Babu alikuwa askari jela Mwanza: sheria zilimruhusu nini, na zilimdai nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari jela hapa Mwanza wakati wa Mwingereza. Alitokea Tarime, akaenda Burma na KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki), aliporudi akaajiriwa gerezani. Nyumbani tumekua tukisikia mambo matatu. La kwanza, kwamba alifukuzwa kazi na yeye mwenyewe akafungwa, kwa kuwa mfungwa mmoja alimtoroka kwenye matete walipokwenda kuchota maji ziwani. La pili, kwamba bibi naye alikuwa akiitwa gerezani kila alipoletwa mfungwa mwanamke. La tatu ndilo linalotugawa: shangazi anasema babu alikuwa mtu mpole, lakini mzee mmoja jirani yetu Mkuyuni anasisitiza kwamba askari jela wa enzi zile walipiga watu walivyotaka. Sheria zilisemaje? Na kazi yake hasa ilikuwa nini?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nimevaa sare ya magereza miaka mingi baada ya uhuru, na tangu nistaafu nimekuwa nikisoma majalada ya waliotutangulia. Nikuambie mapema: mambo hayo matatu hayapingani. Yote yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja, na ukizielewa kanuni za wakati ule utaona kwa nini. Zilimpa askari wa chini dhamana kubwa mno na madaraka madogo mno. Likiharibika jambo, lawama ilianzia kwake, na mara nyingi iliishia kwake.

Tuanze na jirani yako, kwa sababu kumbukumbu za wazee wa Mwanza juu ya jela zina tabaka mbili, na watu huzichanganya. Mjerumani aliweka kituo chake Mwanza mwaka 1892. Kwake jela haikuwa idara. Ilikuwa sehemu ya boma, na waliolinda wafungwa ni askari wale wale waliokwenda vitani na kukusanya kodi. Amri ya Chansela wa Ujerumani ya tarehe 22 Aprili 1896 ilitaja adhabu ambazo Mwafrika angeweza kupewa: viboko, faini, kifungo na kazi ya lazima, kifungo cha mnyororo, na kifo. Viboko havikutakiwa kuzidi 25 kwa mkupuo mmoja. Hukumu ingeweza kuwa na mikupuo miwili, ila wa pili usubiri wiki mbili. Mwanamke hakupigwa. Mwarabu na Mhindi pia hawakupigwa, na hapo unaona mara moja mgongo wa nani ulihesabiwa kuwa wa kupigwa. Mzungu alitakiwa asimame hapo wakati wa kuchapa, pamoja na daktari pale alipopatikana, na hukumu iandikwe kwenye kitabu cha adhabu. Kutoka huko ndiko wazee walikopata ile “hamsa ishirini”, na picha ya watu waliofungwa pamoja kwa mnyororo shingoni wakifyeka barabara. Mzee aliyezaliwa miaka ya 1930 hakuyaona hayo kwa macho. Aliyapokea kwa baba yake, akayaweka pamoja na aliyoyaona mwenyewe kwa Mwingereza.

Waingereza waliingia Mwanza Julai 1916. Mwanzoni jela zilikuwa chini ya polisi. Idara ya Magereza ilitenganishwa na polisi tarehe 25 Agosti 1931, na hiyo ndiyo siku Jeshi la Magereza la Tanzania linayohesabu kuwa ya kuzaliwa kwake. Lakini usidhani kwamba tangu siku hiyo kila jela ilipata Bwana Jela wake mwenye taaluma. Jela ndogo za wilayani ziliendelea kusimamiwa na ofisa wa utawala, yaani Bwana Shauri. Fikiri maana yake kwa mtu wa kijijini. Bwana huyo ndiye aliyesimamia kodi ya kichwa, ndiye aliyeketi kama hakimu kumhukumu asiyelipa, na akitoka mahakamani ndiye aliyesaini vitabu vya jela ambamo mtu huyo amelala. Na kesi zilizopita kwenye baraza za watemi, chini ya sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929, rufaa zake zilikwenda kwa maofisa wa utawala hao hao, hazikwenda Mahakama Kuu. Mimi naona hilo ni jambo zito kuliko viboko vyote, ingawa halikuacha alama mwilini.

Kwenye jela kubwa kama ya Mwanza, iliyokuwa makao ya jimbo, palikuwa na ngazi kamili. Juu alikaa Mzungu, mkuu wa gereza. Katikati walikuwepo maofisa wa Kizungu wa chini na Wahindi, hasa kwenye ukarani na stoo. Chini kabisa walikuwa Waafrika: sajini, koplo, na askari wa kawaida kama babu yako. Mwafrika wa kwanza kuwa Kamishna wa Magereza, Obadia Rugimbana, alishika nafasi hiyo mwaka 1962, baada ya uhuru. Kwa hiyo babu yako alipoajiriwa, hata angekuwa hodari namna gani, dari yake ilikuwa ya chini.

Kila ngazi ilikuwa na wajibu wake ulioandikwa. Mkuu wa gereza alitakiwa apite kila siku, aone kila mfungwa, asikilize malalamiko, akague chakula, na aandike shajara. Daktari wa serikali alipima wafungwa wapya, akasema nani anafaa kazi nzito na nani hafai, na hakuna adhabu ya mwili iliyopaswa kutolewa bila yeye kuthibitisha kwamba mtu anaweza kuistahimili. Palikuwa pia na mahakimu wakaguzi, watu wa nje walioruhusiwa kuingia na kuuliza maswali. Karani alitunza hati za kifungo. Hati ndiyo iliyompa mkuu wa gereza haki ya kumshika mtu, na tarehe ya kutoka ilihesabiwa humo. Kosa la karani la tarakimu moja lingeweza kumlaza mtu ndani zaidi ya alivyohukumiwa.

Sasa kazi ya babu yako yenyewe.

Siku yake ilianza kabla jua halijatoka, kwa hesabu. Hesabu ndiyo roho ya jela yoyote, jana na leo. Askari wa zamu ya usiku anakabidhi: selo hii watu kadhaa, selo ile kadhaa, jumla fulani. Anayepokea hakubali kwa mdomo. Anahesabu vichwa mwenyewe, kisha wanasaini. Milango ya selo hufunguliwa mmoja mmoja. Ndoo za choo za usiku hutolewa na kumwagwa, na kazi hiyo ilipangiwa wafungwa kwa zamu. Halafu uji, kisha paredi, kisha wafungwa wanagawanywa katika magenge: genge la kuchota maji, la kupasua mawe, la kufyeka majani ya boma, la usafi wa mji, la jikoni. Kila genge lina askari wake. Linapofika langoni, askari wa lango anahesabu tena, anaandika kwenye kitabu cha lango genge la nani, watu wangapi, saa ngapi, vifaa gani. Kuanzia saini ile, babu yako anabeba idadi ile mabegani mpaka jioni. Wakirudi wanahesabiwa tena langoni na kupekuliwa: kaptura, mikunjo ya blanketi, kinywa, nywele. Tumbaku ilitafutwa kwa bidii kama silaha. Majembe na mapanga yanahesabiwa pia. Idadi isipolingana, hakuna anayekula wala kuondoka mpaka ilingane.

Funguo zilikuwa na sheria zake. Hazikutoka nje ya gereza. Hazikupewa mfungwa hata kwa dakika moja, hata yule anayeaminiwa. Usiku selo haikufunguliwa na askari mmoja peke yake. Hata mtu akipiga kelele kwamba mwenzake anakufa, askari wa lindo alitakiwa aite mkubwa wake kwanza. Ukisoma maneno hayo kwenye karatasi yanaonekana ya busara, na kwa kweli yana busara. Lakini mimi nimesimama lindo usiku, najua ilivyo kusikia mtu anakoroma vibaya ndani ya mlango usioruhusiwa kuufungua.

Upande wa makatazo ndiko kwenye utajiri kwa mtu anayetaka kujua maisha halisi. Askari hakuruhusiwa kuzungumza na mfungwa ila kwa amri za kazi. Asifanye naye biashara, asinunue wala kuuza. Asipokee zawadi kutoka kwa ndugu wa mfungwa, iwe kuku, iwe samaki, iwe senti. Asipeleke barua wala salamu. Asimtumie mfungwa kwa shughuli zake binafsi, kama kulima kibustani chake au kumkatia mkewe kuni. Asilale zamu, asilewe, asiondoke kwenye lindo mpaka apokewe. Asimpige mfungwa, isipokuwa kwa kujikinga au kuzuia fujo. Sheria za namna hii zilizunguka makoloni yote ya Mwingereza karibu kwa maneno yale yale, kwa hiyo askari wa Kisumu kule Kenya, wa Luzira kule Uganda na wa Mwanza walikatazwa mambo yanayofanana. Nami huzisoma hivi: mtawala hapotezi wino kukataza kisichotendeka. Kanuni inapotaja kuku na kuni na barua, ni kwa sababu kuku waliletwa, kuni zilikatwa na barua zilipita.

Ndipo tunafika kwenye kupiga.

Kwa sheria, babu yako hakuwa na mamlaka ya kumpa mtu hata kiboko kimoja kwa uamuzi wake. Viboko vilitoka sehemu mbili tu. Ya kwanza ni mahakama, kama sehemu ya hukumu. Sheria ya adhabu ya viboko ya mwaka 1930 iliwaondoa wanawake, na iliwaondoa pia wanaume ambao mahakama iliona wamepita miaka 45. Ya pili ni adhabu ya ndani ya gereza kwa makosa makubwa ya nidhamu, kama kumshambulia askari au kuchochea uasi. Hiyo iliamriwa na wakubwa, daktari akiwepo, idadi ikaandikwa kitabuni. Askari wa chini alihusika kwa namna moja: yeye ndiye aliyeshika fimbo. Amri ilitoka kwa Mzungu, cheti kwa daktari, na pigo lilitoka kwenye mkono wa Mwafrika. Mfungwa aliyetoka akarudi Misungwi au Magu hakukumbuka saini ya mtu. Alikumbuka uso wa aliyempiga.

Kwa hiyo jirani yako hasemi uongo, na shangazi yako hasemi uongo. Ongeza na makofi na mateke ya barabarani, ambayo hayakuandikwa popote. Genge likiwa nje, mbali na macho ya mkuu wa gereza, askari alikuwa na rungu na alikuwa na haraka ya kumaliza kazi aliyopimiwa. Kanuni ilimkataza kupiga, lakini kanuni hiyo hiyo ilimwadhibu kazi isipoisha. Wengine walipiga. Wengine, na nimewajua wachache wa kizazi hicho walipokuwa wazee, waliona aibu kupiga mtu aliyefungwa kwa ajili ya kodi. Baada ya 1946 Tanganyika ilipokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Baraza la Udhamini liliwauliza Waingereza zaidi ya mara moja kwa nini viboko bado vinaendelea. Havikuisha. Na ukweli unaniuma kuusema: sisi wenyewe tulipojitawala tuliviweka tena kwa nguvu, kwenye sheria ya adhabu za chini ya mwaka 1963, viboko 12 mtu akiingia na 12 akitoka.

Kabla sijafika kwa bibi, neno moja juu ya nyapara. Huyu alikuwa mfungwa aliyepewa madaraka juu ya wafungwa wenzake: kupanga mistari, kusimamia selo usiku, kugawa chakula. Askari walikuwa wachache, na nyapara aliziba pengo. Ukisikia hadithi za ukatili wa ndani ya selo usiku, uliza kwanza kama aliyetenda alikuwa askari au nyapara, maana wasimuliaji huwaweka wote kwenye kapu moja. Mwaka 1955 Umoja wa Mataifa ulipotoa kanuni za chini za kuwatendea wafungwa, moja ilisema wazi kwamba mfungwa asipewe kazi ya kuwatia adabu wenzake. Ingefuatwa kikamilifu, jela nyingi za ziwani zingeshindwa kujiendesha siku hiyo hiyo.

Kuhusu bibi, mwamini aliyekusimulia. Kanuni zilitaka wafungwa wanawake watengwe kabisa na wanaume, walindwe na mwanamke, na askari wa kiume asiingie upande wao peke yake. Lakini wanawake waliofungwa walikuwa wachache sana. Miezi ingepita bila hata mmoja. Serikali haikuona sababu ya kulipa mshahara wa mwaka mzima kwa mlinzi wa kike asiye na wa kumlinda. Njia rahisi ilikuwa kumwita mke wa askari anayeishi kota, akae na mfungwa huyo, ampekue, alale karibu naye, alipwe kwa siku alizofanya. Akiondoka mfungwa, mke anarudi kwenye jiko lake. Kwa hiyo bibi yako alifanya kazi ya serikali bila namba ya kazi na bila pensheni. Kama kuna mtu katika familia yenu ambaye historia imemsahau kabisa, mimi namwona ni yeye. Muulizeni shangazi ni wanawake gani aliowalinda na walishtakiwa kwa nini: pombe ya moshi, ugomvi, kutupa mtoto. Mambo hayo yako vichwani mwa wazee wetu zaidi kuliko kwenye majalada.

Sasa matete.

Chukua hali yenyewe ilivyokuwa. Maji ya jela yalichotwa ziwani au kwenye visima, na genge la maji lilikuwa la wafungwa wa vifungo vifupi, watu ambao wakubwa waliwaona si wa hatari. Askari mmoja, watu kadhaa, ndoo na madebe. Ufukwe wa Mwanza una mawe makubwa yaliyobebana kila mahali, na katikati ya mawe kuna matete na mafunjo yanayozidi kimo cha mtu. Wafungwa wakiinama kuchota, nusu yao hawaonekani. Askari akiwafuata walioko majini, anawaacha walioko juu na madebe. Akisimama juu, haoni majini. Anayejua kuogelea na kupiga kasia, na watu wa huku wengi wanajua, anahitaji dakika chache tu. Mtumbwi wa jamaa yake ukimsubiri nyuma ya jiwe, jioni yuko Ukerewe.

Sheria za magereza za Mwingereza ziliruhusu askari kutumia silaha kumzuia mfungwa anayetoroka, akishaonywa, na kama hakuna njia nyingine ya kumkamata. Kwa hiyo babu yako, kama alikuwa na bunduki siku hiyo, alikuwa na mambo mawili mbele yake. Ampige risasi mtu aliyefungwa miezi miwili kwa kodi, na sheria ingemlinda. Au asimpige, na sheria imhukumu. Alikuwa mtu wa Burma, kulenga hakukumshinda. Kama alikuwa na rungu tu, hakuwa na la kufanya zaidi ya kupuliza filimbi, kuwakalisha chini waliobaki na kuwahesabu upya, kwa sababu kumfuata mmoja kungewaachia wote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa hatua zinazojulikana. Anarudi langoni, idadi haifiki, kitabu kinasomwa, saini ni yake. Swali la kwanza lilikuwa moja: makusudi au uzembe? Askari aliyemwachia mfungwa kwa makusudi alikuwa amefanya jinai na alipelekwa mahakamani. Aliyezembea angeweza kuhukumiwa na mkuu wa gereza mwenyewe, kwa kukatwa mshahara, kushushwa cheo, kuzuiliwa kambini au kufukuzwa, na kwa uzito zaidi naye angepelekwa kwa hakimu. Na sasa angalia makatazo yale niliyokutajia yanavyorudi. Je, alikutwa amewahi kuzungumza na mfungwa huyo? Wametoka kabila moja? Ndugu wa mfungwa walionekana wakipita kota? Maofisa walipenda kupanga askari mbali na kwao kwa sababu hiyo hiyo, ndiyo maana Mkurya wa Tarime alilinda Wasukuma. Jambo dogo kama kupokea tumbaku lingetosha kuugeuza uzembe uwe makusudi.

Kama familia inakumbuka kwamba alifungwa kweli, basi shauri lake lilivuka meza ya mkuu wa gereza likafika kwa hakimu. Hilo pekee linasema wakubwa wake waliamini, au walitaka kuamini, kwamba aliona na akanyamaza. Hapo ndipo maneno ya shangazi kwamba babu alikuwa mpole yananifikirisha. Upole huo ungeweza kabisa kusomwa kama ushahidi dhidi yake.

Na mfungwa mwenyewe alikuwa nani? Usimfikirie muuaji. Sehemu kubwa ya waliojaza jela za wilaya walikuwa na vifungo vifupi: kodi, kupika pombe bila kibali, wizi mdogo, kukimbia kazi. Miaka ya 1950 Usukumani ukaongezeka mkumbo mwingine, watu waliofikishwa barazani kwa kutofuata amri za kilimo na mifugo za ule mpango wa maendeleo ulioanza 1947: matuta hawakulima yalivyotakiwa, ng'ombe hawakupunguza. Chama cha TANU kilipigwa marufuku kanda yetu mwaka 1954, na mwaka 1958 watu wa Geita wakavuka maji kuja Mwanza kulalamika, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Askari jela aliyekuwa na macho alijua kwamba anaowahesabu asubuhi si wahalifu wa aina aliyoambiwa. Hati ya kifungo haikueleza hayo.

Kazi zao zilikuwa kazi za mji. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1930 juu ya kazi za lazima uliruhusu kazi ya mfungwa aliyehukumiwa na mahakama, mradi isimamiwe na serikali na mfungwa asikodishwe kwa mtu binafsi au kampuni. Kwa hiyo kufyeka majani ya boma ilikuwa halali, kumlimia mfanyabiashara haikuwa halali. Bustani za nyumba za maofisa zilikaa katikati, na ukiuliza wazee waliokulia Mwanza watakuambia nani alizipalilia.

Chakula na malazi vilipangwa kwa rangi, kwa maandishi, bila haya: orodha ya Mzungu, ya Mhindi na ya Mwafrika, kila mmoja na ratili zake na blanketi zake. Babu yako ndiye aliyesimama kuhakikisha kila kundi limepata pungufu au zaidi kama ilivyoandikwa.

Ukitaka kumfuatilia yeye binafsi, usianze na jina. Askari wa chini walijulikana kwa namba. Tafuteni nyumbani cheti cha kuachishwa kazi, kitabu chake cha KAR, au picha aliyopiga akiwa na sare; namba mara nyingi iko nyuma ya picha au kwenye cheti, pamoja na neno moja juu ya tabia yake. Kisha nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, omba ripoti za mwaka za Idara ya Magereza, majalada ya Jimbo la Ziwa na kitabu cha wilaya ya Mwanza. Ripoti za mwaka zilitaja idadi ya waliotoroka na waliokamatwa tena, na adhabu walizopewa askari kwa jumla. Ukiwa na mwaka sahihi kutoka kwa shangazi, hata kwa kukisia kwa mvua au kwa mtoto aliyezaliwa, utakuwa umepunguza kazi sana.

Na ukiipata ile picha, tazama mkono wa shati. Kama hakuna alama ya V, alikuwa askari wa kawaida, na genge lile lilipaswa kuwa na koplo au sajini aliyelipanga asubuhi na kuamua kwamba askari mmoja anatosha ziwani. Jina la mtu huyo nalo liulizwe kwenye jalada la shauri, pamoja na adhabu aliyopewa yeye.